Ripoti Niliyoandika Kumhusu Shija

Jumapili, Gongoni, Tabora. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua haijashuka. Joto la kunata.

Leo kanisani sikwenda kukomunika. Mke wangu alinitazama, akapita mbele yangu na watoto, nikabaki kwenye benchi nikiangalia viatu vyangu. Njiani kurudi hakuniuliza kitu. Anajua kuna jambo tangu Ijumaa niliporudi kutoka Ipole, na anajua nikibanwa huwa nadanganya, kwa hiyo ananisubiri.

Nimeamua kuliandika hapa kabla sijamwambia yeye. Labda huo nao ni woga.

Mnaosoma blogu hii tangu mwaka jana mtakumbuka picha niliyoweka: nimevaa kofia ngumu ya njano, nyuma yangu paneli za sola zimepangwa safu kwa safu. Niliandika kwamba kijiji kimoja cha kata ya Ipole, kule Sikonge, kimepata umeme wake chenyewe, na kwamba mtambo ule nimeujenga uhimili jua, radi na miaka. Mlinipongeza sana. Mmoja aliandika "Injinia wetu". Nimelisoma tena andiko lile leo. Jina langu limo mara nane. La mtu mwingine yeyote halimo.

Sijalifuta. Nimeliacha makusudi ili lisomwe pamoja na hili.

Kwa asiyenijua, mimi ni mhandisi wa umeme. Nafanya kazi kwenye shirika linalojenga mitambo midogo ya sola katika vijiji ambavyo nguzo za gridi ya taifa hazijafika. Mradi wa Ipole tuliuongoza watu wawili. Mwenzangu anaitwa Neema, mtaalamu wa sayansi ya jamii. Mimi nilishughulika na nyaya na betri, yeye alishughulika na watu. Waliofadhili mradi walitaka tusikilizane, kwa sababu mtambo mzuri huweza kuzimika kwa jambo dogo kabisa la wanadamu, na kijiji kinatakiwa kiweze kuuwasha tena bila kusubiri mgeni. Mimi nililichukulia kama sharti la kwenye karatasi. Andiko la kuomba mradi nililipamba mwenyewe kwa habari za misafara ya zamani iliyokuwa ikitoka Tabora na kupita kule kuelekea kusini, wapagazi walipumzika wapi, walichota maji wapi. Nilitumia siku mbili kuwasoma wapagazi waliokufa zamani. Ripoti ya Neema kuhusu watu walio hai sikuisoma.

Neema alikaa kijijini wiki tano. Alitwanga kisamvu na kina mama, alikwenda kwenye kwaya ya Moraviani, akafika mpaka kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku ambako wanaume huhamia na kulisha moto usiku na mchana. Alirudi na kurasa nyingi, na katikati yake kalenda aliyoichora kwa mkono: mwezi kwa mwezi, nani yupo kijijini na nani hayupo.

Kwenye kikao chetu ofisini alisema mambo mawili ambayo nayakumbuka vizuri sasa. La kwanza, kwamba msimamizi wa mtambo asiwe kijana wa kiume peke yake, maana miezi ya kukausha tumbaku, na tena msimu wa kulina asali, wanaume wengi wako porini. Alipendekeza wanawake wawili waongezwe, mmoja awe mhudumu wa zahanati. La pili, kwamba friji la gesi la zahanati lisiondolewe hata umeme ukija.

Nikamjibu mbele ya watu wote: "Dada Neema, umeme haujui jinsia."

Watu wakacheka. Neema akafunga daftari lake taratibu.

Nakumbuka nilifurahi kwamba wamecheka.

Msimamizi nilimchagua mwenyewe. Shija, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mpole, mikono yake inaelewa waya. Sikukosea kumchagua yeye, nilikosea kumchagua yeye peke yake. Nilimpa ufunguo mmoja wa chumba cha mtambo, wa pili nikauweka kwenye droo yangu huku Tabora. Friji la gesi nikashauri lipelekwe zahanati nyingine yenye shida zaidi. Niliwaambia, sasa nyie mna umeme, gesi ya nini?

Siku ya mafunzo nilikuwa na Shija na wenzake watatu ndani ya chumba kile, nikiwaonyesha swichi. Dirishani alisimama Mama Kulwa. Huyu ndiye mhudumu wa zahanati, mwanamke wa rika la mama yangu mdogo, aliyelea pacha wake peke yake na kuwasomesha. Alisimama muda mrefu. Mwisho akauliza, kwa adabu kabisa, kama na wao wanaobaki kijijini wanaweza kuingia kujifunza.

Nilimwambia hivi, na nayaandika maneno yenyewe: "Mama, mitambo hii inaua. Nyie tusaidieni chai tu."

Walileta chai. Nikanywa.

Kisha nikabandika mlangoni tangazo jekundu lenye fuvu la kichwa: hairuhusiwi kuingia, atakayevunja kufuli atashtakiwa.

Mwezi uliopita, Alhamisi mchana, mvua kubwa ilipiga kule na radi ikashuka karibu na mtambo. Kinga ya radi ilifanya kazi yake. Swichi kuu ikajikata yenyewe, kama nilivyoipanga, ili betri zisiungue. Kila kitu kilikuwa salama. Kilichotakiwa ni mtu afungue mlango, azime swichi za mitaa, asubiri kidogo, arudishe swichi kuu, halafu awashe mtaa mmoja mmoja. Dakika kumi.

Kijiji kilikaa bila umeme mpaka Jumatatu.

Shija alikuwa mabanini na ufunguo mfukoni, mwendo wa zaidi ya nusu siku kwa baiskeli, na mvua ilikuwa imejaza mto. Hakuwa ametoroka kazi. Ilikuwa msimu wa kukausha, na aliniaga. Nilimjibu sawa kwenye simu huku nikisoma kitu kingine. Kifaa kinachotakiwa kunitumia ujumbe mtambo ukizimika nilikuwa nimekiunga kwenye umeme wa mtambo uleule, kwa hiyo kilizimika nao. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliona kosa hilo.

Ijumaa nesi wa zahanati alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na simu iliyokuwa imebakiwa na chaji kidogo, akanipigia. Nilikuwa kwa kinyozi. Niliiona namba nisiyoijua nikaiacha iite. Akapiga tena, nikazima sauti. Kinyozi aliniuliza kama ni wale wanaodai. Nikacheka, nikamwambia watapiga tena wakiwa na shida.

Simu yake iliishiwa chaji.

Chanjo zote za watoto kwenye friji ziliharibika. Siku ya kliniki kina mama walifika kutoka vitongoji vya mbali wakiwa wamebeba watoto, nesi akawarudisha. Lakini hilo siyo kubwa zaidi.

Jumamosi asubuhi Monika, mke wa Shija, alijifungua pale zahanati. Alipata mtoto wa kike. Baada ya kujifungua damu haikukata. Kuna sindano ya kuzuia damu hiyo, nayo inatakiwa ikae kwenye baridi. Nesi alimchoma ile iliyokuwepo, iliyokwishakaa zaidi ya siku nzima kwenye joto. Haikusaidia ilivyotakiwa. Nesi mwenyewe ananiambia hawezi kuapa kwamba joto ndilo lililoiharibu, kwamba wapo wanaotoka damu hata sindano ikiwa nzima. Ni mtu mwaminifu. Nilitamani kuishika kauli hiyo niondoke nayo.

Walisimamisha lori la mbao lililokuwa likienda Sikonge, wakamlaza Monika nyuma juu ya magodoro, Mama Kulwa akamshika kichwa njia nzima. Hospitali wakamwongezea damu. Alipona.

Shija taarifa zilimfikia Jumapili. Aliacha moto wa bani, akavuka mto maji yakiwa kifuani, akafika kijijini, akapita moja kwa moja mpaka barabarani kutafuta usafiri wa kumfikisha kwa mke wake. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Hakuukumbuka. Mtu yeyote asingeukumbuka.

Mimi nilifika Jumatatu baada ya mwenyekiti wa kijiji kuipata ofisi yetu. Nikafungua kwa ufunguo wangu, nikawasha, nikatazama saa. Dakika kumi kasoro. Nesi alinisimulia yote, tumesimama kwenye kibaraza cha zahanati, na mkononi ameshika boksi la chanjo za kutupa. Alinieleza habari za Monika, za lori, za Shija kupita mbio. Nilisikia kila neno.

Jioni ile ile nilirudi Tabora nikaandika ripoti.

Niliandika kwamba kinga ya radi ilifanya kazi vizuri. Niliandika kwamba chanzo cha kukatika huduma ni uzembe wa msimamizi wa kijijini. Halafu nikaandika sentensi hii: "Msimamizi alifika kijijini siku ya Jumapili akiwa na ufunguo, lakini alipita bila kufungua mtambo."

Hakuna neno la uongo ndani ya sentensi hiyo.

Nilijua alikuwa anakwenda wapi. Niliketi hapa hapa kwenye meza hii, kidole juu ya kitufe, nikafikiria kuongeza mstari mmoja: mke wake alikuwa hospitali. Niliona mstari ule utaleta maswali. Kwa nini alikuwa hospitali, sindano ilikaaje kwenye joto, friji la gesi liko wapi, nani aliliondoa, kwa nini ufunguo ni mmoja. Nikauacha. Nikatuma, nikaenda kula.

Shija aliondolewa kazini kwa barua. Sehemu ya ripoti yangu ilisomwa mbele ya wanakijiji na mtu kutoka ofisini. Sikwenda. Nilisema nina kazi Bukene.

Wiki hii ofisi ilimtuma Neema akachunguze kwa nini watu wa kule wameanza kurudi kwenye vibatari ingawa umeme upo. Akaomba niende naye. Tuliondoka Tabora Jumatano asubuhi, yeye na mimi na dereva, na kwa muda mrefu hakusema chochote kuhusu kazi. Aliuliza watoto wangu wako madarasa gani. Tulipopita Sikonge ndipo alipoulizia ile ripoti yake, kama niliwahi kuisoma.

Nikasema niliipitia.

Hakubisha. Aligeuka akaangalia msitu wa miombo unavyokwenda, na sikio langu lililokuwa upande wake likawa la moto kama la mtoto wa shule.

Alhamisi nzima Neema alikaa na kina mama nyuma ya zahanati wakichambua karanga. Aliniambia niketi nao, ila nisiseme kitu mpaka nitakapoulizwa. Nimesoma miaka mingi, nimesimamia mafundi wengi, na sikumbuki lini nilikaa siku nzima bila kuongea. Kwa saa ya kwanza nilisahihisha watu moyoni. Mmoja alisema umeme umekuja na masharti ya mwenye nyumba. Mwingine akasema anaogopa kukizoea kitu ambacho ufunguo wake uko porini. Nilitaka kumweleza. Neema alinitazama mara moja tu, nikanyamaza.

Kisha Neema akamuuliza Mama Kulwa siku zile nne yeye alifanya nini.

Mama Kulwa aliweka ungo chini. Alisimulia kama anavyosimulia mtu aliyekwisha kulichoka jambo. Alisema Ijumaa asubuhi, alipoona friji linaanza kutoa maji, alichukua shoka la kupasulia kuni akaenda mpaka kwenye chumba cha mtambo. Alijua kinachotakiwa kufanywa. Siku ya mafunzo, pale dirishani, aliangalia mikono yangu. Akaonyesha hewani, mbele yetu sote, kwa vidole vilivyokuwa na maganda ya karanga: hizi za pembeni unashusha zote kwanza, unasubiri ile taa ya njano itulie, unapandisha kubwa, halafu hizi za pembeni moja moja, ya zahanati ikiwa ya kwanza.

Alipatia. Hatua zote, na ile ya kuanza na zahanati mimi sikuifundisha. Aliiongeza mwenyewe kwa akili yake.

"Nililinyanyua shoka," akasema. "Nikasoma lile tangazo. Nikakumbuka ulivyoniambia siku ile. Nikasema, nikivunja na kitu kikaharibika, watasema ni huyu mama wa chai."

Akalishusha shoka, akarudi zahanati, akaanza kufunika chanjo kwa khanga zilizoloweshwa maji.

Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililonimaliza. Walikuwa wananistahi, wanaangalia karanga zao. Nilisema samahani, nikainuka, nikaenda nyuma ya gari, nikasimama pale nimeshika mlango.

Neema alinifuata baada ya muda. Nilimwambia sikuisoma ripoti yake. Nilimwambia pia habari ya ile sentensi, kwamba nilijua Shija anakwenda wapi nilipoiandika. Hiyo alikuwa haijui. Niliona uso wake ukibadilika, na nikatambua kwamba mpaka wakati ule alikuwa ananidhania mtu mwenye kiburi tu.

"Hilo mimi siwezi kukusaidia," akasema. "Kesho asubuhi kuna mkutano. Amua."

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la tumbaku la kijiji, ambalo msimu huu bado lina nafasi. Harufu ya majani makavu ilikuwa nzito, wengine wanapiga chafya. Neema aliongea kwanza, kifupi. Kisha nikasimama. Nilikuwa nimeandika mambo ya kusema kwenye karatasi lakini nikaiweka mfukoni bila kuisoma.

Nikasema ripoti mliyosomewa niliiandika mimi. Nikasema Shija hakuzembea, aliniaga na nilimruhusu. Nikasema friji la gesi niliondoa mimi, ufunguo mmoja niliamua mimi, kifaa cha kutoa taarifa nilikiunga vibaya mimi, na nesi aliponipigia simu niliiona nikaiacha. Nikasema nilipoandika kwamba Shija alipita bila kufungua, nilijua mke wake yuko hospitali.

Hapo ndipo watu waliponyanyua vichwa.

Nilitegemea kelele. Mzee mmoja wa baraza akauliza kama mashine ya kusaga itaendelea kufanya kazi mchana. Nikajibu ndiyo. Mama mmoja akauliza friji la gesi litarudi lini. Nikasema nitalifuatilia, yeye akasema hapana, taja siku. Nikataja. Akamwambia mtoto wake wa shule aandike. Mama Kulwa naye akasimama. Alisema yeye na wenzake wawili wako tayari kufundishwa, ila safari hii wafundishwe ndani, na funguo ziwe tatu, moja itundikwe zahanati, na lile tangazo libanduliwe wote wakiwa wanaona. Akaketi. Hakunisifu wala hakunilaani, alikuwa na kazi ya kupanga.

Tangazo nililibandua mwenyewe. Gundi ilikuwa nzuri, nilichukua muda mrefu nikikwangua kwa kisu, na watu walisubiri mpaka likaisha lote.

Shija alikuwa amesimama kando ya ghala. Nilipomkaribia alitangulia yeye, kwa heshima ileile ya zamani: "Shikamoo, Injinia."

Niliitikia marahaba. Sijawahi kuitikia neno hilo nikajiona sistahili kama siku ile.

Nilimwambia nimekosa, na kwamba ripoti nitaiandika upya, na kazi yake ipo akiitaka. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Alisema kazi hataki kwa sasa. Akasema siku nyingi amelala na kuamka na ile sentensi, akijiuliza kama kweli angeweza kusimama dakika kumi tu, na kwamba kuna siku aliamini kuwa mimi niko sahihi. Kisha akasema mimi nimekuja kwake lakini si yeye niliyemuumiza zaidi.

"Ile ripoti Monika aliisikia ikisomwa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Nenda kamwambie yeye."

Nyumba yao iko karibu na kisima. Monika alikuwa amekaa mlangoni juu ya mkeka, amekonda, kitenge kimemzidi mwili, mtoto amelala mapajani. Nikapiga hodi. Alinikaribisha, akataka kuinuka aniletee kiti, nikamwomba asiinuke. Nilikaa chini kwenye udongo. Neema alibaki njiani na sikumwita.

Nilirudia kwa Monika yale niliyosema ghalani. Nilipofika katikati alinikatiza. Sauti yake ilikuwa ndogo, siyo ya hasira.

"Ulipokuwa unaandika, ulijua mimi niko hospitali?"

Nikasema, "Nilijua."

Alimwinamia mtoto, akamrekebisha kitambaa kichwani. Nilikuwa nasubiri neno fulani. Ninaona haya kuliandika, lakini nilikuwa nalisubiri kama mtu anayesubiri chenji yake dukani, kwamba nimekwisha kusema, sasa nipewe.

"Sawa," akasema. "Nimesikia."

Basi. Akaniuliza kama nimekunywa maji, nikasema nimekunywa, nikaaga.

Tulipokaribia Tabora Neema alilala garini, kichwa kwenye kioo. Nilifungua simu nikaitafuta ripoti yake na kuanza kuisoma kutoka ukurasa wa kwanza. Kwenye kalenda, mwezi wa tatu, ameandika kwa mwandiko mdogo: wanaume wengi mabanini; wanaobaki ni kina mama wenye watoto wachanga, wajawazito, wazee, nesi. Na chini yake: hawa ndio wanaohitaji umeme zaidi mwezi huu, na hakuna hata mmoja aliyepangwa kuushika. Kama ningefika ukurasa ule mwaka jana, Monika angejifungua kama watu wengine.

Jana nimeandika ripoti mpya. Ni fupi kuliko ile ya kwanza. Nimeweka makosa yangu kwa mpangilio yalivyotokea, na nimeambatanisha kurasa za Neema. Kabla ya kuituma nilimpigia bosi wangu kumweleza kilichomo. Hakufoka. Alisema kwa upole kwamba si lazima mtu ajivue nguo hadharani, kwamba mambo kama haya yana lugha yake, niandike "changamoto za mawasiliano kati ya pande zote", na Shija atatafutiwa kitu kingine kimyakimya. Alisema ananifikiria mimi na watoto wangu.

Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria tangu jana, na lazima nikiri kwamba kwa saa kadhaa maneno yale yalinivutia. "Pande zote." Yamekaa vizuri, hayana mtu ndani yake.

Nilipofika hapa niliacha kuandika kwanza; mchana huu baada ya chakula nilimwita mke wangu, nikampa kompyuta asome ripoti zote mbili, ya kwanza na ya pili. Alisoma amesimama. Alipomaliza ile ya kwanza alikaa. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mtoto yule wa kike amekwisha kupata chanjo. Nikagundua sijui. Nilikaa kwenye udongo mlangoni kwao, mtoto yuko mbele yangu, na sikuuliza.

Nimempigia nesi. Amepata, wiki iliyopita, chanjo zilipoletwa upya. Anaendelea vizuri. Anaitwa Tumaini.

Ripoti nimeituma saa tisa na robo, bila kubadilisha neno, kwa bosi wangu na kwa wote waliopokea ile ya kwanza. Hakuna aliyejibu. Ni Jumapili.

Kuna swali linanizunguka na nataka niliache hapa mahali ambapo nitaliona. Neema asingetumwa kule wiki hii, ningesema?

Nimejaribu kujijibu vizuri. Nimejiambia dhamira ingenisumbua, ningeungama, siku moja ningekwenda mwenyewe. Lakini mwezi mzima ulikuwa umepita, na nilikuwa nalala vizuri.

Jibu ni kwamba nisingesema.

Kesho saa mbili niko ofisini. Wakiniuliza nani alizima umeme wa watu wale siku nne, sitaanza na radi.